Harusi Moja, Miaka Minne

Ndoa yangu ilifungwa bomani Lushoto, siku ya kazi, kati ya mtu aliyekuja kulalamikia mpaka wa shamba na mwingine aliyekuja kugongewa mhuri. Walikuwepo wazazi wa pande zote mbili na mashahidi, basi. Tulipotoka tukaenda kula chipsi kuku karibu na stendi, mume wangu akalipa, kila mtu akarudi kwake. Hapakuwa na turubai, wala MC, wala keki. Huko kwetu Malindi hakuna aliyenuna kwamba hakualikwa, maana walishaniaga miaka mingi nyuma, wakala pilau yangu wakashiba, na pilau ya binti mmoja huliwa mara moja.

Malindi ninayoisema si ile ya pwani ya Kenya. Yetu iko juu milimani, haina bahari, ina baridi, viazi na kabichi. Naeleza mapema kwa sababu kule Marekani kila niliyemtajia alitafuta kwenye simu akanionyesha ufukwe, akaniuliza kama naogelea, nikachoka kusahihisha.

Kisa chenyewe ni hela ya chuo. Nilipomaliza kidato cha sita, chuo kimoja cha Marekani kilinipa nafasi na kusema kitanisamehe ada yote ya masomo. Kijiji kilisikia hiyo nusu ya habari kikafurahi. Nusu ya pili niliisoma peke yangu kwenye duka la steshenari pale Lushoto, nikairudia, nikamlipa mwenye kompyuta aniongezee muda nikairudia tena. Chumba, chakula, bima ya afya, vitabu na nauli ni juu yangu, kila mwaka kwa miaka minne. Na kabla hawajanitumia karatasi ya kuombea viza, lazima waone taarifa ya benki yenye fedha za mwaka mzima wa kwanza. Hawakutaka ahadi wala mali. Walitaka fedha, na ziwe zimekaa benki.

Baba si maskini, na hapo ndipo alipoumia. Ana mashamba ya viazi na karoti, ana kipande cha mahindi kule Mnazi tambarare, ana ng'ombe, na wakati ule alikuwa na msitu wa mikaratusi upande wa kwenda Magamba, miti mirefu aliyoipanda akiwa kijana. Mtu wa namna hiyo kwetu anaitwa mwenye uwezo, na kwenye vikao hupewa kiti chenye mgongo. Lakini akaunti yake ya benki, ambayo alifunguliwa na chama cha wakulima kwa lazima, ilikuwa na hela ya kununulia soda, labda na andazi.

"Waje waone," alisema nilipomweleza.

"Hawaji, baba."

"Si wanataka kujua kama nina uwezo? Uwezo wangu umesimama pale juu. Hata kipofu ataushika."

Akavaa koti lake la kanisani, akanipeleka msituni, akasimama kati ya mikaratusi, akaweka mkono kwenye mti mnene kuliko yote. Akataka nimpige picha niitume. Sikujua namna ya kumkatalia baba yangu, kwa hiyo niliituma. Mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni alijibu kwa upole kwamba msitu ni mzuri sana, baba anaonekana mtu imara, lakini hawapokei miti. Baba aliniuliza kama nimetafsiri sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nitafsiri tena.

Tukajaribu njia ya kawaida, tukaitisha kikao cha kuchangia elimu. Mama alipika makande ya kutosha watu wengi, tukayala sisi wenyewe siku mbili. Waliokuja walikuwa majirani wa karibu kabisa, ambao wasingeweza kusema hawakusikia. Siwalaumu. Kila nyumba ina mtoto shuleni na kila mtoto anadaiwa kitu, na mtu hawezi kuacha wa kwake akasomeshe wa mwenzake, tena Marekani. Mzee mmoja aliuliza kwa nini nisisome Tanga. Nilikuwa na jibu refu, nikalimeza.

Aliyetutoa kwenye mkwamo huo ni baba mdogo, mdogo wake baba. Huyu aliingia Uislamu alipooa, kwa hiyo ukoo wetu una mguu mmoja kanisani na mwingine msikitini, jambo ambalo linatusaidia sana kwenye shughuli. Baba mdogo alikuwa mwenyekiti wa kamati za harusi. Simaanishi kamati moja. Mtu akitaka kuoza kuanzia kwetu hadi kule Magamba, alimwita yeye kwanza ndipo amwite mchungaji au shehe.

Alikaa sebuleni, akanywa chai, akasema, "Kaka, tatizo lako umewaomba watu kitu wasichokijua. Kuchangia shule hawajui. Kuchangia harusi wanajua hata wakiwa usingizini."

"Haolewi huyu," baba akasema.

"Anaondoka nyumbani, haondoki?"

"Anaondoka."

"Basi tumuage. Tufanye sendofu."

Kwa asiyejua, sendofu ni sherehe ya upande wa bibi harusi, wazazi wanapomuaga binti yao kabla ya ndoa. Ndugu na majirani wanachanga, kamati inakaa, watu wanakula, binti anaondoka. Na kwetu mchango wa harusi si sadaka, ni zamu. Ukinichangia leo nakuchangia kesho, na anayekwepa zamu yake husemwa mpaka wajukuu wasikie. Baba alikuwa amechangia harusi za watu tangu kabla sijazaliwa: magunia ya viazi, mbuzi, kuni za kupikia, na fedha alipokuwa nazo. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Kila mtu alijua kwamba nyumba yetu ina harusi moja tu ya kudai, na kwamba siku itakapodaiwa itakuwa kubwa.

Baba alielewa mara moja. Nilimwona anavyoelewa, alikaa wima.

Mama alikuwa uani anaosha karoti za kupeleka sokoni. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu dirisha la sebule yetu halina kioo kimoja. Akaingia na mikono ikimdondoka maji.

"Na akija mwanamume wa kweli?" aliuliza.

"Shemeji, atakuja na vyake," baba mdogo akajibu.

"Sikuulizi vyake. Nakuuliza watu. Atakayenichezea ni nani, kama watu wote wameshakula?"

Hakuna aliyemjibu. Mama akaendelea kwa Kishambaa, lugha anayoitumia anapotaka neno lisirudi, akasema kwamba wanataka kuipeleka harusi ya mtoto wake benki. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikaona chuo kinakaribia kwa mara ya kwanza na mama yangu ndiye amesimama mlangoni. Nilimwambia, "Mama, mimi naitaka." Alinitazama. Akajifuta mikono kwenye khanga.

"Sendofu ni ya baba yako na ukoo wake," alisema. "Chukueni. Kicheni pati ni yangu. Hiyo msiiguse."

Kicheni pati ni ya wanawake peke yao. Mama wa binti ndiye mwenye shughuli. Wanawake wanakusanyika, wanamfunda bibi harusi, wanamletea vyombo vya kuanzia maisha, na mama mzazi anacheza. Mama yangu alikuwa na zamu zake humo, tofauti kabisa na za baba. Tangu ujana wake alikuwa amebeba masufuria, mabirika na seti za vikombe kupeleka kwa mabinti wa wenzake, mengine kwa hela ya karoti aliyojinyima. Baba mdogo hakubishana naye. Alijua sheria za shughuli kuliko mtu yeyote, na kwa sheria hizo mama alikuwa na haki.

Kamati ikaundwa, ikawa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za michango zilichapishwa Lushoto, na muundo pekee aliokuwa nao mchapaji ulikuwa wenye pete mbili na mioyo. Mahali pa jina la bwana harusi baba mdogo akaagiza iandikwe "Marekani." Nilipendekeza tuache kupika, tupeleke hela yote benki. Baba mdogo alinishangaa kweli kweli. "Watu wachange halafu wasile?" alisema. "Huo, mama, ni wizi."

Basi wakala. Turubai lilifungwa uwanjani kwetu, baba mdogo akachinja ng'ombe kwa mkono wake ili wa msikitini na wa kanisani wote wale chungu kimoja, na MC akaja na spika zilizotisha kuku wakaingia chini ya ghala. Mpambaji alileta viti viwili vya kifalme, kwa sababu vinakodishwa kwa pamoja. Nikakaa kwenye kimoja na kingine kikabaki kitupu mchana kutwa. Watoto walizabwa makofi kila walipotaka kukikalia. Pamoja na kuchanga fedha, watu walileta zawadi walizozoea: blanketi, ndoo, jiko la mkaa, na godoro ambalo lilichezewa ngoma kuanzia barabarani. MC alisema Marekani apokee mke mwema. Watu walicheka, nami nilicheka, na nilikuwa na furaha. Sioni sababu ya kusema vinginevyo.

Wanawake wote wa ukoo walikuwa wameshona sare ya kitenge cha bluu na njano. Mama alikinunua chake lakini hakukishona. Alikikunja akakiweka sandukuni, akashinda jikoni na nguo zake za kazi akipakua pilau. MC alipomwita mama mzazi atoke kucheza na kumkabidhi binti, watu walipiga vigelegele wakasubiri, wakapiga tena. Mama akatokea kwenye kona ya jiko na upawa mkononi. Akasema neno moja, "Bado," akarudi ndani. Wageni wakageuka kunitazama mimi. Nilimkasirikia. Niliona amenivua nguo mbele za watu, na sikumwamkia kesho yake mpaka baba aliponiuliza kama nimelala vibaya.

Fedha zikatosha mwaka wa kwanza, baba alipoongeza ng'ombe wawili aliowauza. Chuo kikatuma karatasi. Nikashuka kwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa viza, nimevaa suti ya kuazima, na taarifa ya benki ndani ya bahasha. Afisa wa ubalozi aliyekuwa dirishani aliisoma na uso wake ukabadilika. Akaunti ilikuwa imelala miaka, halafu ghafla imeingiziwa visenti kutoka kwa watu chungu nzima, na karibu wote waliotuma kwa simu walikuwa wameandika sababu moja: harusi. Akaniuliza, tena kwa Kiswahili kizuri tu, kama naenda kusoma au naolewa.

Ningekuwa na akili za mjini ningetunga kitu. Nilimweleza yote, zamu, sendofu, kiti kitupu na pilau. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa siku ukiolewa kweli itakuwaje?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Imeshaliwa."

Alinitazama kidogo, akaniambia viza imekubaliwa, nifuate pasipoti baadaye. Niliposimama nje kwenye jua nilikumbuka kwamba swali lile alikuwa ameliuliza mama, na sisi wote tulinyamaza.

Baba mdogo alijivuna sana. Aliwaambia watu kwamba amemwozesha mtoto kwa nchi nzima. Kitu ambacho yeye na baba hawakukipiga hesabu, na mimi nilikipiga nikanyamaza, ni kwamba nilikuwa na harusi moja na miaka minne.

Mwaka wa pili ulilipwa na mikaratusi. Mfanyabiashara wa mbao alipanda na lori na misumeno, na baba akampigia mstari miti ya kukata, kisha akafuta mstari, maana ilibidi ikatwe yote. Alinieleza kwenye simu kama anavyoeleza habari za mvua. Nilitamani kumwandikia yule mama wa ofisini, ambaye sasa nilikuwa namwamkia koridoni kila wiki, kwamba hatimaye miti imepokelewa. Sikumwandikia. Nilikwenda nikalipa, na siku nzima sikutaka kuongea na mtu.

Kufanya kazi nje ya chuo mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi. Ndani ya chuo anaruhusiwa, kwa saa chache kila wiki. Mimi nilipata jikoni, kwenye bwalo la chakula, kuosha vyombo na kuandaa mboga. Viazi vilikuja kwenye mifuko vikiwa vimeshamenywa, vyeupe, vya ukubwa mmoja. Nilipomwambia baba hakuamini. Aliuliza nani anavimenya, nikasema mashine. Akauliza maganda wanampa nani. Nikasema sijui. Swali hilo la maganda alilirudia kwa miezi, na nadhani kwake ndilo lililobaki kuwa jambo la ajabu kuliko yote ya Marekani. Mshahara wa jikoni, pamoja na viazi vya baba vilivyopata bei nzuri msimu ule, vilinivusha mwaka wa tatu. Kwa kubanana, lakini nilivuka.

Mwaka wa nne ndipo maji yaliponifika shingoni. Chuo kilipandisha bei ya chumba na bima. Huku nyumbani mvua zilikata barabara ya kushuka Mombo, malori yakakwama, na kabichi za baba zikaozea shambani mpaka harufu ikaingia ndani ya nyumba. Nikaandikiwa kwamba nisipolipa kiasi kilichobaki kabla ya muhula kuanza, sitasajiliwa. Mwanafunzi wa kigeni asiyesajiliwa hana haki ya kukaa nchini. Ningerudi Malindi na miaka mitatu ya shahada ya miaka minne, kitu ambacho hakina jina. Niliomba msaada wa dharura, wakanipa sehemu, na nikawashukuru. Sehemu nyingine ilibaki, na sikuwa na pa kuipata.

Nilipiga simu nyumbani. Baba alisema atauza shamba la Mnazi. Nikamwambia halitapata mnunuzi kwa muda huo, naye alilijua hilo. Nikasema basi, nitarudi, siyo mwisho wa dunia. Nilisema kwa sauti kavu kabisa, na kila neno lilikuwa la uongo.

Nikasikia simu inabadilisha mkono.

"Zimebaki kiasi gani?" aliuliza mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza kiasi gani."

Nikamtajia. Hakuguna wala hakuuliza ni mbona nyingi. Aliuliza lini zinatakiwa, nikamwambia, akasema sawa na kukata simu. Mama hapendi kupoteza salio.

Yaliyofuata nilisimuliwa na shangazi, dada yake baba. Mama alipita nyumba kwa nyumba, Malindi yote na vijiji vya jirani, kila mahali alipowahi kupeleka chombo. Hakuzunguka mbuyu. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba anaitisha kicheni pati ya binti yake. Kwamba mwali hayupo, mume hayupo, na hajui kama atakuwepo. Na kwamba badala ya vyombo walete hela. Baadhi walimuuliza kama amefikiri vizuri. Mmoja alimwambia wazi kwamba akishaila hii hana nyingine. Mama akamjibu kwamba anajua kuhesabu mpaka moja. Walikuja. Wachache walioleta masufuria kwa mazoea, mama aliyabeba yakiwa na utepe wake mpaka sokoni Lushoto akayauza, na sufuria moja alimuuzia yule yule aliyeileta.

Kulikuwa na tatizo la kiutaratibu. Kicheni pati haiendi bila mwali wa kufundwa. Wanawake walijadiliana, na shangazi akaamua kwamba mwali ataitwa kwa simu ya video. Mtandao wa kwetu unashika vizuri karibu na zizi, kwa hiyo mkeka wa mwali ukatandikwa karibu na zizi. Wakaiegemeza simu kwenye birika. Na kwa kuwa mwali huingia amefunikwa, wakaifunika simu khanga.

Kule kwangu ilikuwa asubuhi, nimekaa kwenye stoo ya jikoni juu ya gunia la vitunguu, zamu yangu haijaanza. Kwa muda mrefu nilichokiona ni giza lenye maua mekundu. Nilisikia vigelegele, nikasikia ng'ombe, nikasikia shangazi anakohoa kusafisha koo.

"Mwali," akaanza, "mshahara wako usimwambie mumeo wote."

"Shangazi, sina mume."

"Haya ni ya akiba. Nyamaza ufundwe."

Nikanyamaza nikafundwa. Waliniambia mambo ya unyumba ambayo siwezi kuyaandika hapa, na ya wakwe, na ya kuamka mapema. Bibi mmoja alipopewa zamu alisema yeye ya Marekani hayajui, ila nile, nisome, nisichelewe kulala. Wote wakaitikia kama walivyoitikia mengine. Kisha shangazi akatangaza mwali afunuliwe, na khanga ikaondolewa.

Mama alikuwa katikati ya uwanja. Alikuwa amevaa kitenge cha bluu na njano, ameshakishona, gauni refu lenye mikono mipana ya mtindo ambao ulishapitwa. Spika ilikuwa ndogo na muziki ulifika kwangu vipande vipande. Alicheza. Sikuwahi kumwona mama anacheza namna ile, kwenye shughuli za wenzake yeye hupiga makofi tu. Alicheza bila haraka, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayekabidhi kitu, na wanawake walimwachia uwanja wote, hakuna aliyeingia. Alizunguka mpaka akauelekea mkeka, akainamia simu, akaicheza simu.

Nililia. Sikujizuia hata kidogo. Kijana wa zamu yangu alifungua mlango wa stoo akauliza kama kuna mtu amefariki nyumbani. Nikamwambia hapana, ni harusi yangu. Akafunga mlango taratibu.

Muziki ulipokwisha mama alipiga magoti kwenye mkeka, akaishika simu karibu sana, nikaona paji la uso na jicho moja. Alikuwa anahema.

"Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Ndiyo hiyo. Hakuna nyingine."

"Najua, mama."

"Basi kalipe," akasema, akawapa wenzake simu wanisalimie.

Hela zilichukua siku kadhaa kufika. Zilipofika, nilikwenda kwenye dirisha la malipo la chuo nikalipa.